Neno Tulilolichagua kwa Herufi Zake

Mjukuu wangu Neema,

Kuna jambo nimemficha hata bibi yako, na sasa mwili umechoka, sitaki kuondoka nalo. Bibi mzima, anakusalimu. Hapa Ipagala zabibu zimeanza kuiva.

Umeniuliza kama kifupisho kina uzito mnapochagua istilahi mpya za alama za vidole. Sisi tulikipa uzito kuliko maana, na hadi leo nina hasira!

Kamati yetu ya istilahi ilitafuta jina la alama inayofanana na ya mtu, lakini haitoshi kusema ni yake. Mama Yudith, mchunguzi wa alama, akapendekeza "mfanano usiotosha". Kama desturi yetu, mwenyekiti akaandika herufi za kwanza ubaoni, akacheka.

"MU? Mama, huyo si ng'ombe analia?"

"Basi ng'ombe kasema kweli, mwenyekiti."

Hakusikilizwa. Tukapitisha Tambulisho la Awali la Alama, TAA, eti litapendeza kwenye fulana. Tambulisho! Wakati hatujamtambua mtu yeyote!

Ripoti ya alama za kesi ya wizi, yenye neno hilo, ikafika polisi wilayani Chemba. Askari wakasoma "tambulisho", wakamkamata mfugaji, akakaa mahabusu mpaka mwizi mwenyewe alipopatikana. Alipotoka, mifugo yake ilikuwa imetawanyika, na hakuna aliyemwomba radhi.

Neema, anzeni na maana. Kifupisho kikikataa, tamkeni neno zima, mdomo hauchoki.

Miaka yote umenisikia nikimlaumu mwenyekiti. Yeye alicheka tu. TAA niliibuni mimi.

Babu yako