Kitundu Nyuma ya Kisanduku

Ghorofa ya Tatu, Mlango wa Tisa
14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umeacha kukusumbua. Binamu zangu hawajambo?

Sisi ni wazima, isipokuwa Babu. Najua Baba alikwambia kwenye simu kwamba hajambo. Hakutaka kukuongezea wasiwasi juu ya kazi za huko.

Leo ni siku ya kumi na moja hatuna intaneti. Babu alizoea kukuona kila jioni kwenye kioo; masikio yake unayajua, na simu ya Baba ya vitufe haionyeshi sura. Siku ya tatu aliuliza uko wapi. Tukamwandikia kwenye karatasi kwamba mtandao umeharibika. Akaisoma taratibu, akamwambia Mama, "Mwanangu, hata mimi nilimficha bibi yao hivi hivi, kaka yake alipofariki."

Tangu hapo anakunywa chai tu. Kikombe chako amekifunga kwenye kitambaa, akanipa nikiweke juu ya kabati. Tukimwonyesha picha zako anasema ni za zamani. Ni kweli, ni za zamani.

Shangazi, kosa ni langu. Siku ile intaneti ilikatika mtaa mzima. Baba akasema, "Si umemaliza shule juzi? Haya, tutengenezee." Niliona haya kusema sijui. Nikachomoa nyaya zote, nikazirudisha, taa ikabaki nyekundu. Nyuma ya kisanduku cha intaneti kuna kitundu. Nikakibonyeza kwa pini ya nywele mpaka taa zote zikazimika. Jioni majirani wote walirudishiwa, sisi hatukurudishiwa.

Tulipompigia simu, mhudumu wa kampuni aliniuliza kama kuna aliyegusa kitundu hicho. Baba alikuwa amesimama karibu. Nikasema hapana. Akasema basi kisanduku kimekufa, akaandika tuletewe kipya baada ya wiki tatu.

Juzi nilimpigia tena peke yangu, nikasema ukweli. Akaguna. "Dada, ungesema siku ile, tungekirekebisha kwa simu dakika kumi. Sasa cha zamani kimeshafungwa kwenye mitambo yetu. Subirini tu." Baba bado anailaani kampuni, nami nimenyamaza.

Jana Babu alimuuliza Baba kwa nini hakuja kukuzika.

Tafadhali piga picha ukiwa na gazeti la siku hiyo mkononi, uitume kwa njia ya haraka kuliko zote. Nyuma yake mwandikie Babu mwenyewe, kwa herufi kubwa. Mwandiko wako anaujua.

Mama anakusalimu sana. Wabusu binamu zangu, hasa yule anayeota meno. Mungu akutunze, akuzidishie siku.

Ni mimi nikupendaye,
Mtoto wa kaka yako