Vyerehani vya Ruzuku

Jumatatu, 5 Septemba 1966. Amu.
Wasichana wa madrasa walikuja kushona baada ya adhuhuri kama kawaida. Kofia, kofia, kofia. Cherehani changu cha mkono kimekwama tena. Nilikitia mafuta, kikalia kama paka.

Kaka yangu Athmani alipita na habari. Yeye ni katibu wa kamati ya madrasa. Shirika moja la ng'ambo liko tayari kutoa ruzuku kwa ajili ya vijana: vyerehani vipya, vitambaa, hata mshahara mdogo wa mwalimu. Sharti ni moja. Watu wa madrasa na wa kanisa wafanye kazi hiyo pamoja, chini ya kamati moja. Ama sivyo ruzuku itakwenda kwingine.

Nilicheka. Kisha nikakitazama cherehani changu, nikaacha kucheka.

Alhamisi, 8 Septemba
Wanaume walikutana ofisini kwa afisa wa maendeleo. Wazee wetu upande mmoja. Upande wa kanisa makarani, polisi na walimu wa bara. Athmani anasema alasiri nzima imeishia kwenye jina la kamati. Ianze kutajwa dini ipi. Uenyekiti hawakuufikia. Hakuna aliyeuliza wasichana watakaa wapi. Nimeudhika.

Jumamosi, 17 Septemba
Alikuja kubisha hodi mwenyewe. Bi Rebeka, mke wa koplo wa polisi, mtu wa Bungoma. Ndiye anayewafundisha wasichana wa kanisa kufuma. Mimba kubwa, miguu imevimba. Nilimpa maji ya ndimu.

Hakuzunguka. Alisema wanaume watavutana mpaka ruzuku irudi ilikotoka, na chumba chake kule kambini hakitoshi hata kufugia kuku. Aliomba wasichana wake waje kushonea kwangu. Nilikubali kabla ya kufikiri. Tukapatana: hapa ni sindano tu, dini ya mtu haiguswi.

Alipoondoka niliona wivu. Tumbo lile. Mimi mume aliniacha kwa kutozaa, mwaka wa sita huu. Naandika ili linitoke kifuani.

Jumatano, 28 Septemba
Mikeka miwili. Wangu huku, wake kule, katikati sakafu tupu. Kila upande na kazi yake. Halafu msichana mmoja wa bara akauliza matundu ya kofia hutobolewa vipi. Fatuma, mwenye haya kuliko wote, akasogea kumwonyesha. Baadaye Fatuma naye akataka kujifunza kufuma. Ilipoadhiniwa alasiri, mikeka haikuwa tena na wenyewe.

Leo nimefurahi sana.

Jumapili, 2 Oktoba
Maneno mtaani. Eti mabinti wanafundishwa nyimbo za kanisa nyumbani kwangu. Uongo. Mamake Fatuma amemzuia mwanawe. Kanisani nako wanasema binti zao watavishwa buibui.

Athmani alinitaka nifunge darasa mpaka pande zote mbili zielewane. Nilimwambia sifungi. Sijapata kumkatalia kaka yangu kabla ya leo.

Jumanne, 11 Oktoba
Uchungu ulimshika Rebeka darasani, sindano mkononi. Mumewe yuko doria Kiunga. Alitaka kwenda kwake. Hakupita hata ngazi.

Mama alishuka kutoka jikoni juu, akamshika mkono.

"Niache niende, Bibi. Kwangu si mbali."

"Mtoto wa mtu hazawi ndiani," Mama akasema kwa Kiamu chake, akimzuia njia na kumvuta ndani. "Ndoo ndani, mwanangu."

Chumba cha ndani. Kitanda changu cha harusi. Wasichana nikawatuma, wengine maji, wengine mkunga. Wangu na wake, sikuchagua. Nilimshika Rebeka mgongo. Aliniuma bega, alama ipo.

Mtoto wa kike, kabla ya magharibi. Mkunga alinipa mimi kwanza, kwa kuwa mikono yangu ndiyo iliyokuwa mitupu. Nililia. Rebeka naye alilia. Sijui nani alianza.

Jumatano, 12 Oktoba
Athmani asubuhi mapema. Wazee wameshaanza: Mkristo kuzalia nyumbani kwa marehemu baba, mwalimu wa chuo cha Kurani! Alikuwa hajamaliza, watu wa kanisa nao wakabisha. Wametumwa kumchukua Rebeka arudi kambini, asije akalazimishwa kusilimu.

Mama alizungumza nao akiwa nyuma ya mlango. Hakupaza sauti.

"Mzazi hahamishwi kabla ya arubaini. Mwenye maneno na ayarudishe nyumbani kwake, ayaweke mpaka siku hiyo."

Wakaondoka wote, pamoja na Athmani. Baada ya alasiri akarudi na kuku wa supu. Hakusema ni wa nani.

Jumapili, 16 Oktoba
Mamake Fatuma amekuja na uji wa pilipili manga. Alisema ameleta bakuli tu, ataondoka. Alikaa mpaka mtoto alipoamka. Fatuma alikuwa nyuma yake, na kitambaa chake cha kufuma.

Rebeka hulia Mama akimkanda kwa maji moto. Si maumivu, anasema. Mamake yuko mbali.

Alhamisi, 27 Oktoba
Wageni wa ruzuku. Mzungu mmoja mzee na Bi mmoja wa Nairobi, mrefu, viatu vya kisigino. Wanaume walimshika Mzungu dakani, penye mabaraza ya mlangoni, kwa kahawa na halua. Bado hawana mwenyekiti. Athmani alikuwa akitoka jasho.

Bi akapanda juu peke yake. Alimkuta Rebeka kitandani, amefungwa tumbo, ubani unafuka, wasichana wamejaa sakafuni wanashona. Akauliza, kalamu tayari, mwenyekiti hapa ni nani.

Mama akamwonyesha mtoto.

"Ni huyu. Akilala, sote hunyamaa."

Bi alicheka. Akavua viatu, akaketi mkekani, akaomba aonyeshwe kofia. Alikaa muda mrefu. Hakuandika kitu.

Sasa naogopa. Pengine alidhani tunamfanyia mzaha.

Jumamosi, 12 Novemba
Watu wa ruzuku wametukubali. Si yote tuliyoomba: vyerehani ndiyo, mshahara hapana. Kamati iwe ya wanawake. Mimi na Rebeka tutie sahihi pamoja, wazee wa pande zote wawe washauri. Athmani alinisomea barua mwenyewe. Alitafuta kitu cha kulalamikia, hakukipata. Kisha akaomba ambebe mtoto. Alimshika kwa woga, kama beseni lililojaa maji.

Mtoto anaitwa Mariamu. Jina langu. Rebeka anasema limo katika vitabu vyetu vyote viwili, hapana wa kugomba.

Nilikwenda juu kukoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Jumapili, 20 Novemba
Arubaini imetimia. Koplo alikuja kuwachukua baada ya ibada yao, shati limepigwa pasi. Alimshukuru Mama kwa kuinamisha kichwa. Mama alimtia mtoto wanja. Rebeka alinikumbatia, akakaa hivyo kitambo.

Kambi si mbali. Atakuja Jumatano, na vyerehani vikifika tutafungua masanduku pamoja. Najua.

Nyumba kimya. Mama amenitaka nitandue kitanda, nguo zifuliwe. Nimetandua. Foronya moja sikuitoa. Ina harufu ya maziwa.