Mkia wa Kondoo Mezani kwa Mama Furaha

Jumatatu, 4 Agosti. Lodwar

"Mkimbizi anajua kupanga foleni ya chakula, hajui kupika chakula." Hayo kayasema Mzee Ekai redioni asubuhi hii, nikiwa napiga pasi blauzi ya kufundishia. Nusura niiunguze. Uongo mtupu. Nani anaoka mkate unaoliwa Kakuma mjini kila siku? Ekai mwenyewe hununua sambusa kwa Wasomali wa kambi ya wakimbizi. Nimemwona, akizila kwa kujificha nyuma ya lori.

Najua anachokipiga vita. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, ana mgahawa wa Kifaransa kambini: mabati, meza tano, vitambaa vyeupe. Anaomba ruhusa ya kufungua jioni. Kamati ya soko ina watu watatu na Ekai ndiye mwenyekiti. Asipopata jioni, atafunga kabisa. Nani ataketi kula sahani nne saa saba mchana katika jua letu?

Nimepiga simu redioni. Nimemwambia Ekai hewani: njoo ule, kisha useme. Kakubali. Ijumaa, saa moja jioni. Akimaliza alichopakuliwa, atatia sahihi ruhusa hiyo. Akibakisha, Mama Furaha asahau jioni.

Nimefurahi mno. Muda mrefu sijapata mpinzani wa maana.

Jumanne, 5 Agosti. Lodwar

Nimesoma mpaka macho yanawasha. Nina vitabu vitatu vinavyoeleza meza ya Kifaransa. Sijawahi kuketi kwenye meza hiyo. Si kitu. Nimeandika kurasa mbili za maagizo.

Jumatano, 6 Agosti. Kakuma

Vumbi mpaka kwenye meno. Mama Furaha ni mfupi, mikono minene, sauti ya chini. Alipika miaka mingi katika hoteli moja kando ya ziwa huko kwao. Viti vya mgahawa alivinunua baada ya kuuza cherehani yake. Hilo kaniambia huku akikata vitunguu, bila kuniangalia. Sasa hana cherehani, na viti ni vya mchana tu.

Tumekubaliana: supu ya vitunguu, samaki wa ziwani Kalokol kwa siagi na limau, kondoo, mwisho maziwa ya mayai yaliyogandishwa na sukari ya kuunguza.

Nimemsomea maagizo yangu. Agizo la kondoo: ondoa mafuta yote. Meza hii ni ya watu wa taratibu, hailetewi nyama inayochuruzika.

"Yote, madamu?"

Yote.

"Sawa."

Sikuipenda sawa ile. Lakini nilikuwa na vitabu vitatu, naye hakuwa na hata kimoja.

Alhamisi, 7 Agosti. Kakuma

Kondoo kapatikana. Mkia kama mto wa kulalia. Vijana wa soko wanawekeana dau la soda. Wengi wako upande wa Ekai. Wajinga. Natembea huku na huku kama msichana anayesubiri posa. Nimepanga hotuba ya ushindi. Nimeipanga mara mbili.

Ijumaa, 8 Agosti. Kakuma

Naandika vidole vikinuka kitunguu saumu.

Ekai alifika kabla ya saa moja, fimbo mkononi, na ekicholong yake, kile kigoda cha mbao ambacho wazee wetu hawaendi popote bila kuwa nacho. Akakataa kiti. Akaketi kwenye kigoda, kidevu sawasawa na kitambaa cha meza. Hakuna aliyethubutu kucheka.

Supu aliinywa yote. Kisha akachukua fimbo.

"Asante, mama. Imetosha."

Nikamwambia bado sahani tatu.

"Kwa nini hamuleti mara moja? Sasa ni nyinyi mnanipea chakula kwa mgao."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Hata mimi. Pigo zuri, nakiri.

Samaki akamla mpaka shavuni, akaweka mifupa kando kama mtu anayepanga ushahidi. Nilianza kuinong'ona hotuba yangu.

Kondoo akaja. Vipande vitatu, vyekundu, safi, vikavu. Ekai akavigeuza kwa ncha ya uma. Kimoja. Kingine. Akaweka uma chini.

"Huyu kondoo alikuwa na mkia?"

Nikasema alikuwa nao.

"Sasa mkia ilipewa mgeni gani? Maana si mimi."

Mimi ni Mturkana. Nimezaliwa Lokitaung. Mama yangu alikuwa akimkatia mgeni mafuta kabla hajamuuliza jina. Kumwekea mgeni nyama isiyo na mafuta ni kumwambia kwamba yuko mgeni mwingine, bora kuliko yeye, na ameshakula. Hili nalijua tangu sijaota meno. Nikalifuta kwa sababu ya vitabu vya watu ambao hawajawahi kufuga hata mbuzi mmoja.

Ekai alikuwa keshashika fimbo tena.

Nikaingia jikoni. Nikamwambia Mama Furaha kosa ni langu, agizo lilikuwa la kipumbavu, naomba anisamehe, viti vyake vinaondoka kwa sababu yangu. Akafunua sufuria ya nyuma. Mkia wote ulikuwa humo, vipande vinene, umeiva polepole na viazi na kitunguu saumu, unang'aa.

"Jikoni kwetu mafuta haitupwake, madamu. Nilingoja weye mwenyewe uombe."

Nilibeba sahani kwa mikono yangu. Nikaiweka mbele ya Ekai, nikamwambia mbele ya watu wote nani aliuondoa mkia na kwa nini. Alikula. Alikula viazi, akala mkia, akavirudia vile vipande vikavu akavichovya kwenye mafuta, akafuta sahani kwa mkate. Akamaliza na yale maziwa ya mayai, akaomba karatasi. Sahihi yake ina alama ya dole gumba la mafuta.

"Huyu mama anajua kupika," akasema. "Wewe mwalimu ndiye hujui kukaribisha."

Hotuba yangu imebaki mfukoni. Sijawahi kushindwa nikafurahi hivi.

Jumapili, 10 Agosti. Lodwar

Nimerudi. Upepo kidogo. Nimefua blauzi, doa la mafuta limekataa kutoka. Nimeliacha.

Nimechana yale maagizo. Kesho nitasema redioni kwamba Ekai alikosea kuhusu wakimbizi na mimi nilikosea kuhusu Ekai. Itauma. Nitasema.

Karatasi ina sahihi moja. Zinatakiwa tatu. Wanakamati wawili waliobaki wamenipigia simu, kila mmoja kwa wakati wake, kusema wanahitaji muda wa kutafakari. Hawajawahi kukanyaga pale.

Basi haya ndiyo nitakayowaambia, na nayaandika hapa nisije nikayapamba. Ninyi wawili: msitafakari. Njooni Jumamosi, saa moja jioni. Kaeni mpaka sahani ya mwisho. Leteni njaa, na kila mtu kalamu yake.