Hadithi Aliyosingiziwa Bi. Salima

Kanyenye, Tabora
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama, shikamoo.

Ndiyo, nimeandika Mama. Mwanahawa, wewe unayemsomea kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi, usidhani bahasha zimechanganyika. Barua zangu zote ulizowahi kusoma zilianza na "Dada yangu mpendwa", nawe umeniita mjomba tangu ulipojua kusema. Leo soma kwa sauti, neno kwa neno. Akikwambia acha, usiache.

Mama, hali yako? Miguu bado inavimba? Asali niliyoituma kwa basi ilifika, au dereva aliionja njia nzima? Mimi mwili mzima. Huku mvua zimekata mapema, na waliolima Ulyankulu wanasema mahindi yamenyauka yakiwa magotini. Dukani kazi ipo.

Nina habari moja tu, nayo nitaipanga ilivyotokea. Daftari langu la kila siku liko mbele yangu, kwa hiyo hutaweza kusema nimesahau.

Unajua nampigia chapa Mwalimu Maganga, yule mstaafu mwenye duka la vitini karibu na soko. Anachukua hadithi fupi wanazosoma wanafunzi wa sekondari, zile za zamani ambazo hata sisi tulizisoma, anazichambua: dhamira, wahusika, mafunzo, na mwisho kabisa maisha ya mwandishi. Hapo pa mwisho ndipo anapojivunia. "Hakuna mwandishi anayezua, Shomari," huniambia. "Kila mmoja huchota kisimani kwake. Ukimjua mwandishi, hadithi unaivua nguo." Wanafunzi wanakariri hivyo hivyo, wanafaulu, wanarudi na wadogo zao.

Mwaka jana, mwezi wa sita, alinituma kwa Bi. Salima, nyuma ya hospitali ya Kitete. Huyu mama alikuwa mwalimu, na ujanani aliandika hadithi moja tu iliyobaki vitabuni: ya mwanamke mpagazi katika msafara wa pembe, anayeambiwa achague kati ya mzigo na mtoto mgonjwa, akamweka mtoto chini. Mwalimu Maganga alitaka kujua Bi. Salima mwenyewe alimweka nani chini.

Nilibisha hodi. "Nani?" "Shomari, wa Mwalimu Maganga." "Kabila gani?" "Mzaramo, wa Bagamoyo." Akajipiga mapaja. "Loo, mtani wangu! Nyie ndio mlikuwa mnakaa kivulini mnatungoja sisi tufike na mizigo, mtuuzie maji!" Nikamwambia, "Na nyinyi mlitembea miezi na pembe kichwani, mkarudi na shanga." "Mwizi wewe. Keti. Usiguse kitu."

Mwanahawa, hukukua na Wanyamwezi, lakini umewasikia wazee wakisema: wao na sisi ni watani tangu misafara ile. Atakalokwambia mtani humkasirikii. Na msibani, wenye msiba wakilia, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kucheka.

Nilikwenda kwake kila Alhamisi. Maisha yake hayakuwa na cha kumfaa Mwalimu Maganga. Aliolewa mara moja, mume alifariki, alizaa Asha na Musa, Asha akafa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa msichana, Musa anauza asali sokoni. Hadithi ya mpagazi alisimuliwa na bibi yake. "Mwambie Mwalimu wako kisima changu hakina maji," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Mimi ndiye niliyekuwa na maji. Alhamisi moja tukila matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha wanavyovipenda huku, akaniuliza, "Na wewe mtani, mama unaye?" Sijui kwa nini nilijibu ukweli. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

Nilimwambia hivi, Mama. Kwamba nilipokuwa na miaka sita ulinikalisha jikoni na mkate wa kumimina. Kila nilipokuita dada bila kukosea, ulinipa kipande. Kila niliposema mama, ulinipa kofi. Ilikuwa siku moja tu, na mpaka magharibi nilikuwa nimeshajua somo. Kesho yake Mzee Kombo, baba yake Mwanahawa, alikuja kukuoa, kwa sababu alikuwa amesema mwanamke mwenye mtoto hamtaki. Nikaingia nyumbani kwake kama mdogo wako. Nilimwambia pia kwamba siku tuliyomzika Mzee Kombo nilikufuata uani nikakuita Mama, ukatazama nyuma yangu ukasema, "Watu wangali wamejaa." Watu waliondoka, Mama. Ni miaka kumi na moja sasa.

Bi. Salima hakucheka. Aliniongezea matobolwa kwenye sahani.

Mwezi wa kumi Mwalimu Maganga alirudi na mkusanyiko mpya wa hadithi fupi, akanipa moja niichape ili aichambue. Ilikuwa ya Bi. Salima, ya kwanza tangu ile ya mpagazi. Sikufika ukurasa wa pili kabla sijaitambua. Jiko lile lile, mkate ule ule, kofi lile lile. Hata "Watu wangali wamejaa" ilikuwamo. Alichobadilisha ni Bagamoyo tu, akaiweka Tabora.

Nilimwendea siku hiyo hiyo. "Bibi, umeniibia." Akaniangalia juu ya miwani. "Nimekuibia nini? Nimekutania. Mtani hakasiriki." Nikasema hilo si la kutania. "Lingelala ndani yako likuoze," akasema. "Sasa limekuwa kitu kizuri, na jina lako halimo. Unataka nini zaidi?" Nilitoka bila kuaga. Siku hiyo daftarini niliandika mstari mmoja: Hajutii.

Mwalimu Maganga alifurahi kama aliyefumania. Aliniamuru niandike: "Kutokana na undani wa maumivu, ni dhahiri mwandishi mwenyewe aliwahi kumkana mwanawe wa kuzaa." Mikono yangu ikasimama. Akaniuliza, "Wewe ndiye uliyekaa naye. Ni kweli au si kweli?"

Mama, neno moja lilitosha. Lakini nilikuona umekaa barazani, wanawake wa mtaa wakikuletea mabinti zao uwafunde, wakikuita Bi. Mkubwa. Nikamwona Mwanahawa ananiita mjomba. Nikasema, "Sijui, Mwalimu." Akasema, "Kutojua si kukanusha. Chapa." Nikachapa. Na sitakuficha lingine: nilichapa kwa raha. Nilisema moyoni, naye aonje.

Kitini kikatoka. Swali la nne: "Kwa kutumia maisha ya mwandishi, jadili ukatili wa mama." Wanafunzi wakaanza kupita dirishani kwake makusudi. Mmoja huita, "Dadaa!" wengine hujibu, "Abee!" kisha wanakimbia. Sokoni wauza asali wenzake wakamuuliza Musa, "Shemeji, yule mama yako au bibi yako?" Kwa sababu watu walikumbuka alikuwapo Asha, aliyemzidi Musa kwa miaka kumi na minne, aliyemlea mgongoni, akafa. Wakapiga hesabu yao. Kama katika nyumba ile mama aliitwa dada, basi Asha ndiye aliyemzaa Musa, Bi. Salima ni bibi aliyemsitiri binti yake, na Musa alimzika mama yake akidhani anamzika dada.

Musa naye akaipiga hesabu hiyo. Ijumaa moja alikuja dukani, debe la asali bado liko begani. Ni mtu mzima, kaka yangu kwa umri, lakini alizungumza chini kama mtoto. "Kaka Shomari, mama amesema hadithi ile ni yako. Kwamba ni mama yako wewe. Naomba uniambie, basi, nami nitalala."

Nikacheka. Nimeandika hapa daftarini: nilicheka. Nikamwambia, "Musa, mama yako ni mtani wangu. Ananitania."

Alishusha debe, akakaa kidogo, akalibeba tena akaondoka. Toka siku hiyo hakumpa mama yake shikamoo. Aliishi naye nyumba moja, akila chumbani kwake.

Bi. Salima aliniita mara moja. Nilimkuta amekaa mkekani, miwani mkononi, amekwisha kama mtu aliyetoka safari ya miguu. "Shomari, mwambie mwanangu. Mimi nimekosa kwako, naye hajakukosea." Machozi yalikuwa yanamtoka. Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, "Bibi, mtani halii."

Nimejifunza wapi ukatili huo? Mwalimu Maganga angesema nimechota kisimani kwangu.

Alifariki Jumatano, asubuhi, akichambua mchele. Moyo, wamesema.

Msibani watu walinitafuta kwa macho, maana Mzaramo pale nilikuwa peke yangu na kazi ya mtani naijua. Nikaona hapa ndipo mahali pa kusema. Watu wote wapo, Musa yupo, na hakuna wa kunizuia. Nikavaa miwani yake, nikajifunga khanga yake kichwani, nikatembea uani kwa kuchechemea kama yeye. Wanawake wakaanza kucheka huku wanafuta machozi. Nikapaza sauti: "Wanafunzi! Swali la nne! Marehemu hakumkana mtoto! Aliyemkana mtoto yuko Bagamoyo, anafunda mabinti wa watu, na mtoto mwenyewe ni mimi hapa!"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Mzaramo leo ameweza! Kajitukana mwenyewe!" Mwalimu Maganga aliinama akishika mbavu. Nikavua miwani. Nikasema tena, polepole. Wakacheka zaidi. Nikamshika Musa mkono: "Musa, sitanii." Naye, macho yamejaa, akacheka. "Najua, mtani. Wote mnaanza hivyo hivyo. Mungu akulipe, umetupunguzia simanzi." Akaagiza niwekewe sahani ya nyama, haki ya mtani.

Makaburini Musa hakuingia kaburini kumpokea. Waliingia majirani. Yeye alisimama pembeni akasema haingii mpaka ajue anamzika nani.

Juzi nilimfuata nyumbani, bila khanga, bila mzaha. Nilimweleza yote tangu mkate wa kumimina. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dukani ulisema anatania. Msibani ukasema ni wewe, ukiwa umevaa khanga. Leo unasema tena. Nishike lipi? Nani mwingine anajua?" Nikasema, "Mama yangu." Akasema, "Basi aseme yeye. Wewe nimekuchoka."

Mama, arobaini ya Bi. Salima ni mwezi ujao. Musa amekwisha mwambia shehe kwamba dua isomwe kwa jina la bibi yake, na kwamba mama yake ni Asha. Baada ya siku hiyo, hata malaika akija na karatasi hawatamsikiliza. Ninachotaka kwako ni kidogo kuliko ulichonifanyia. Mwambie Musa, kwa jina lako na la baba yako, kwamba mwanamke wa hadithi ile ni wewe, na kwamba mtoto ni Shomari. Mwanahawa ataandika, wewe utaweka dole gumba, na imamu wa mtaani ashuhudie. Ndiyo, imamu atajua. Na mtaa utajua. Marehemu ameitwa mkatili kwa ajili yako tangu mwezi wa kumi, na alikuwa hakujui.

Usiniambie ulikuwa na njaa, au kwamba wakati ule mjane hakuwa na pa kwenda. Najua. Nimeandika majibu ya namna hiyo katika vitini vingi, chini ya kichwa "Hali ya jamii wakati wa mwandishi". Ni majibu mazuri, yanapata alama. Sikuulizi kuhusu siku ile ya jikoni. Nakuuliza kuhusu miaka kumi na moja.

Na mimi sijisafishi. Nilipata nafasi tatu za kusema ukweli kwa ajili ya mwanamke yule, nikamnyima zote, kwa kukulinda wewe na kwa kumlipiza yeye. Sijui ipi ilikuwa kubwa. Hilo nitakwenda nalo mwenyewe.

Nisalimie shangazi wa Mlingotini, anayejua yote na hajawahi kufungua mdomo. Msalimie fundi Saidi aliyenifundisha kupiga chapa. Wasalimie wanawake wa barazani, wakiwa wangali wanakuja. Nawe Mwanahawa, salamu zako ni hizi: sikuwahi kuwa mjomba wako. Mimi ni kaka yako, tumbo moja. Nilikuwa nikikubeba begani kwenda madrasa huku nikilitaka neno hilo kuliko chakula. Samahani limekufikia kwa namna hii.

Mama, kama hutaki, usinipigie simu wala usilie. Mwambie Mwanahawa akuandikie barua ya kawaida, ianze kama zinavyoanza siku zote, "Mdogo wangu Shomari". Nikiyaona maneno hayo matatu sitasoma zaidi, nami sitakuandikia tena.

Ni mimi, mwanao wa kuzaa,
Shomari

Mwanahawa, hapo pa mwisho msomee mara mbili. Watu wameshaondoka.