Kawira, Tunang'oa Mipera

Mpendwa binti yangu Kawira,

Nimerudi kutoka msituni mikono imechubuka. Nimepata kibarua kwa watu wa misitu. Tunang'oa mipera.

Ndiyo, ile ile mipera yako. Ulikuwa ukifunga mapera kwenye sweta ya shule, ukayauza uwanjani Kinoru siku za mechi. Mimi nikikusanya kuni, wewe ukichuma. Kuitana kwa jina tuliogopa, maana askari wa msitu angetusikia, kwa hiyo tukipotezana nilivunja tawi kavu kwa goti, nawe ukafuata sauti hiyo mpaka unipate.

Siku ile ulisikia matawi yakivunjika ndani ya kichaka cha mipera, ukajua ni mimi. Kumbe alikuwa ndovu. Nami nilikuwa upande wa pili nafunga kuni, nikisikia matawi hayo hayo, nikadhani ni kima. Kisha nikasikia sauti yako mara moja tu: "Mama, nimekuja."

Zamani ndovu walipita juu kabisa, ng'ambo ya mto. Afisa mmoja ametueleza kwamba mpera si mti wa msitu huu. Ulitoka mashambani kwetu, ndege na kima wakabeba mbegu, na sasa umejaa hata miringa michanga, miti ya asili ya hapa, haipati pa kumea. Ndovu nao wameonja utamu, wanashuka kila msimu. Mimi sikuhitaji darasa hilo. Ningeing'oa hata kwa meno.

Majirani wamenuna. Mama Mwiti, aliyelala kwetu siku zote za matanga yako, alinisimamisha njiani juzi.

"Mama Kawira, na watoto wetu watakula nini? Si miti iliyomuua mtoto, ni ndovu."

"Wako yuko nyumbani," nikamwambia. Tangu hapo hatusalimiani.

Wengine wananiambia nimshukuru Mungu, nisahau. Mwenye kovu usidhani kapoa. Nina hasira, Kawira, na mti wenyewe haufi. Ukiukata unachipuka tena, lazima utoe mzizi wote. Pale ulipoangukia, mizizi ni minene kuliko mkono wangu, na bado sijaimaliza.

Jana jioni nilimkuta mdogo wako Nkirote nyuma ya choo akitafuna. Harufu ya pera niliijua kabla sijamfikia. Nikaokota fimbo.

"Umeenda msituni?"

Hakukimbia. "Mama, uso wa Kawira siukumbuki tena. Alikuwa ananiletea mapera. Nikikula ndio namkumbuka."

Fimbo ilinidondoka. Tulikaa pale chini sote wawili mpaka ugali ukaungua jikoni.

Lakini kesho asubuhi nitarudi na jembe, mwanangu. Najua ninamnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho chako. Afadhali akusahau kuliko akufuate.

Pumzika.

Ni mimi, mama yako