Kivuli Upande wa Kulia

Jumanne, 1 Machi 2022

Omolo alipiga simu asubuhi, bado sijafungua cherehani. Upepo umeangusha simba ya mwanangu Travis, ile nyumba yake kule bomani Alego. Mabati yameokotwa kwenye shamba la jirani. Mlango haujaonekana.

Wazee wanasema ni kwa sababu ilisimama mahali pasipo pake. Kweli. Oktoba ile waliijenga kwa siku moja, sisi tukiwa njiani na mwili wake kutoka Kampala, maana kijana hazikwi bomani kwa baba yake bila nyumba yake mwenyewe, kama mgeni. Wakaichomeka karibu na lango, katikati. Si kulia, si kushoto. Nani siku hiyo alikuwa na akili ya kuuliza?

Sasa isimamishwe upya, vizuri, kabla ya mvua. Fundi anakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. "Nyar Gem," akaniambia — huyu shemeji hajawahi kuniita kwa jina langu, mimi ni binti wa kutoka Gem tu tangu kaka yake aliponioa — "si Travis aliichora? Aliniambia Krismasi ile. Boma lote, liko kwenye kompyuta yake. Tazama alipoiweka. Tutaiweka hapo hapo."

Nikafunua kompyuta. Sikuwa nimeigusa tangu ile ajali. Ikawaka! Feni ikaguna kidogo, halafu ikatulia, kama zamani. Lakini nilipofungua mchoro — kijivu. Kijivu kitupu, halafu maandishi kwamba haiwezi kuonyesha, halafu ikaganda.

Nilikaa nikikitazama kile kijivu mpaka chai ikapoa. Alisema ameiweka mahali. Na mahali hapo pamo humo ndani.

Alhamisi, 3 Machi

Nimeipeleka kompyuta kwa Valère, yule Mkongo anayetengeneza mashine nyuma ya soko hapa Kawempe. Niliifunga mgongoni kwa leso, ni nzito na sikutaka bodaboda. Jirani yangu Moreen akanikuta njiani, akapiga kelele toka ng'ambo: "Mama Travis! Umezaa lini wewe?" Halafu akaona ni nini. Akanishika mkono mpaka tukafika.

Valère ni mpole. Alimfahamu Travis, walikuwa wakibadilishana nyaya. Akaifungua, akapuliza vumbi.

"Mama, hii haikufa. Ni macho yake ndiyo imezeeka."

Amenieleza: picha zinatoka kwenye ubao wenyewe wa kompyuta, hazina kadi yao. Travis alikuwa anachorea kwa kuazima kadi ya kazini, anaipachika jioni, anairudisha asubuhi. Sikujua! Nilikuwa namwona na bisibisi nikidhani anacheza.

Basi inatakiwa kadi ya picha. Tena si yoyote. Kasha hili ni jembamba, kadi kubwa haiingii, na umeme wake ni mdogo, ikipewa kadi yenye nguvu itazimika. Akaniuliza ni ya kazi gani.

"Nataka kuona simba."

"Simba? Ndani ya kompyuta? Mama, enda Entebbe, kwa bustani ya wanyama, kule ziko, zinalala tu."

Nikacheka — mimi! Nikamweleza kwamba kwetu simba ni nyumba ya kijana. Akaacha kucheka, akasema pole.

Pesa sina. Tumekubaliana nitashona majoho ya kwaya ya kanisa lao, kitambaa wanacho. Yeye atatafuta kadi iliyotumika.

Jumanne, 8 Machi

Sikukuu ya wanawake. Nimeshona tangu asubuhi. Majoho ya zambarau, kola nyeupe.

Mchana Valère akaja na kadi. Imetoka kwenye mashine ya kibanda cha video kilichofungwa. Ndogo, ina feni moja, inanuka moshi wa sigara. Bati lake la kushikia lilikuwa refu mno, akalikata kwa msumeno hapo hapo mlangoni kwangu. Kasha halifungiki tena, tumeliacha ubavu wazi, limelala mezani kama mgonjwa anayengoja daktari.

Akawasha. Akafungua mchoro.

Mungu wangu. Alego! Lango, ua wa miti, ng'ombe watatu wasiosogea. Nyumba yangu ile kule nyuma, mlango wa bluu. Hata pipa la maji. Ukisukuma kipanya unatembea kwenye nyasi. Na simba ya Travis hii hapa, karibu na lango, ina kibaraza. Hakuna hata mtu mmoja, wala upepo, wala kivuli. Mahali pamekaa kama watu wote wametoka wakasema tunarudi sasa hivi.

Valère akafurahi. "Sasa mama ameona simba."

Nikamwambia asante sana. Sikumwambia kwamba iko kushoto.

Alhamisi, 10 Machi

Kushoto. Kwetu tunahesabu kutoka mlangoni kwa mama, ukitazama lango. Kifungua mimba anajenga kulia, wa pili kushoto. Travis ni wa kwanza. Kila mtu anajua ni wa kwanza.

Labda alikosea. Watoto waliokulia Kampala hukosea hivyo — wanakuja bomani kama wageni, wanasimama langoni wanatazama ndani, kulia kwao ni kushoto kwetu. Ndiyo. Ni hivyo.

Lakini nimekaa na hili jambo siku mbili, sindano imenichoma kidole. Niliandike, nani atasoma.

Kabla ya Travis kulikuwa na mwingine. Mvulana. Hakungoja jina. Mama mkwe alimfunga kwa kanga yangu ya njano, akamlaza nyuma ya nyumba kabla sijaweza kusimama. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwa sauti ya chini: huyu hahesabiwi, utaanza kuhesabu na atakayefuata. Nikaanza na Travis.

Travis hakuambiwa. Mama mkwe ameshakufa, mume wangu pia. Aliyebaki kujua ni Omolo, na mimi.

Alipokuwa mdogo tulikuwa na kitanda kimoja kikubwa. Alilala ukingoni kabisa, karibu aanguke, nafasi yote imebaki upande mmoja. Namsogeza katikati. Asubuhi yuko ukingoni. Nilikuwa nikimtania: unamwachia nani, panya?

Hakuwahi kucheka kwa utani huo.

Jumamosi, 12 Machi

Skrini ilianza kutoa mistari ya kijani, nikamwita Valère. Kadi inachemka. Akaifungua, akapangusa, akapaka dawa nyeupe, akaweka feni ya mezani karibu na ule ubavu uliolala wazi.

Akachungulia mchoro. "Mama, mwenyewe alizima vivuli. Ili mashini ipumue. Niwashe? Itakuwa mzuri, kama kweli."

Nikasema washa.

Jua likatokea. Yaani huko ndani — jua la asubuhi, upande wa lango. Kila kitu kikapata kivuli. Ng'ombe, miti, pipa, simba ya Travis, kivuli chake kinaelekea mlangoni kwangu.

Na kulia, kwenye nyasi tupu, kivuli kingine. Cha nyumba. Paa la msonge, ukuta. Nyumba yenyewe haipo.

Valère akasogeza kipanya, akazunguka pale. Nyasi tu. Kivuli kimelala juu yake.

"Kadi ni ya zamani," nikasema. "Labda ni uchafu."

"Uchafu haifuate jua, mama." Akalisogeza jua. Kivuli kikafupika. Adhuhuri kikajikunja chini ya kitu kisichoonekana. Akalirudisha asubuhi, kikarefuka tena pole pole mpaka pale pale.

Akaeleza, na sauti yake ilitaka kunituliza: mtu anaweza kuchora kitu, akakificha, lakini akasahau kuficha kivuli chake. Kipo, kimefichwa tu. "Labda ni choo."

Hakuna ajengaye choo langoni. Yeye mwenyewe alijua, hata hakutabasamu.

Akajaribu kukifunua. Kompyuta ikazimika puu! Mara tatu. Kumbukumbu ya kadi ni ndogo, anasema, imejaa. Kadi kubwa zaidi hatuwezi, bei zimepanda kila mahali, na hata tungeipata, kasha na umeme vinakataa.

"Kuna njia moja tu ya bure," akasema. "Upunguze. Uzime kitu moja moja humo ndani, mpaka ipate nafasi."

Akanionyesha namna. Akaondoka haraka, akasahau joho alilokuja kuchukua.

Jumapili, 13 Machi

Kanisani sikusikia neno. Nimezima miti.

Mama mwenye nyumba kapita dirishani: "Nyabo, hiyo mashini inakura umeme!" Nikamwambia nitalipa. Akachungulia, akauliza hapo ni wapi pazuri hivyo. Ni kwetu. Mbona hakuna watu? Nikasema wako shamba.

Jumatano, 16 Machi

Ua. Pipa. Ng'ombe mmoja mmoja. Kila nikizima, naijaribu ile nyumba. Bado. Lakini sasa kompyuta haizimiki, inatetemeka tu, halafu inarudi.

Na kila kitu kinachoondoka, kile kivuli kinaonekana zaidi. Sijui ni macho yangu. Boma linabaki uwanja, na kivuli hakipungui.

Omolo kauliza kwa ujumbe: umeona? Nikajibu nitakupigia. Nikisema kulia, fundi atajenga kulia, na hakuna atakayesema neno. Kifungua mimba kwenye nafasi yake. Ndivyo itakavyokaa milele, hesabu ya mama mkwe, imepigwa msumari. Na nikisema kushoto, wazee wote watauliza: wa kwanza ni nani?

Ijumaa, 18 Machi

Nimezima nyumba yangu mwenyewe. Mlango wa bluu, kwisha. Ajabu, sikuumia.

Imebaki simba ya Travis peke yake, na kivuli.

Nikajaribu. Ikatetemeka muda mrefu. Ikaonekana! Kufumba na kufumbua — kitu cha udongo, chini chini, halafu mistari ya kijani, halafu nyasi. Kadi inaunguza ukiigusa.

Nimeelewa. Kadi hii haiwezi kuwabeba wawili.

Jumamosi, 19 Machi

Omolo yuko langoni na fundi na nguzo. Simu iko mezani, nimefungua spika, naandika huku tukiongea.

Aliniuliza kulia au kushoto.

Nikasema Travis ameichora kushoto. Labda alikosea, labda alihesabu kutoka langoni.

Nikasikia jogoo wa huko. Halafu: "Hapana, Nyar Gem. Hakukosea. Nilimsimamisha mimi mwenyewe mlangoni kwako, Krismasi ile, nikamwonyesha kwa mkono. Wewe ni kulia, nikamwambia. Akasema hapana, baba mdogo, kulia pana mwenyewe."

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Nilidhani wewe ndiye uliyemwambia."

"Mimi sikumwambia."

"Basi nani?"

Fundi anasikika nyuma, anauliza wachimbe wapi, jua linapanda. Omolo akamwambia kwa Kijaluo angoje, unasikia, ngoja! Kisha akarudi kwangu, sauti yake imeshuka, kama ile ya mama yake siku ile.

"Nguzo zinatosha na zinabaki. Mabati ya zamani pia yapo. Kama kuna nyumba kulia ... niambie ukubwa wake."

Kwa hiyo ikanibidi. Nikashika kipanya. Nikasema kwa sauti, Omolo akisikia, sijali: Travis, mwanangu, mpishe kidogo mkubwa wako. Nikaizima simba yake.

Nyasi tupu. Kompyuta ikatetemeka, feni zote mbili zikapiga kelele.

Ipo. Imesimama. Haitetemeki tena.

Ni ndogo. Ukuta wa udongo, nyasi juu, imekandikwa vizuri kuliko ile yake mwenyewe. Travis alitumia muda mrefu hapa. Ina mlango wa njano. Mlango unanifika kiunoni. Nikiinama ningepita.

"Nyar Gem? Uko? Ukubwa gani?"

Nimemwambia wa mtu mdogo. Nimemwambia wachimbe pande zote mbili, kulia kwanza. Namsikia anawaambia. Nasikia jembe la kwanza. Kuna mzee anauliza kwa ukali ya kulia ni ya nani, na Omolo ananiuliza mimi, niwaambie jina gani.

Jina. Mlango huu wa njano uko wazi kidogo. Nimemwambia ngoja, Omolo, nisogee nimwulize mwenyewe