Mruko wa Ulyana na Nafasi Moja ya Mkoa

KLABU YA KUTELEZA KWENYE BARAFU, ZARECHNY LOG
Kikao cha dharura cha kamati, 17 Februari 2018, chumba cha kubadilishia viatu, kuanzia saa kumi na dakika kumi jioni

Waliohudhuria:
Raisa Anatolyevna Zubkova – Mwenyekiti
Lidia Genrikhovna Bauer – Jaji wa mizunguko
Inga Valeryevna Lapshina – Kocha
Marina Tkachuk – Mzazi (mama Ulyana)
Zoya Pakhomova – Mzazi (mama Stesha)
Khurshed Mirzoev – Mtunza barafu, Katibu (hana mtoto klabuni, hana kura)

Hakuhudhuria: Tamara Drozd – Mzazi (mama Ksenia). Yuko zamu kiwanda cha mikate.

KUMB. NA. 1/2/2018: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao wajumbe wakiwa bado na makoti, kwa kuwa bomba la joto limeharibika tena. Alikumbusha kwamba klabu inapeleka msichana mmoja tu mashindano ya mkoa, na kwamba kwa umri wa wasichana wanaoiwania nafasi hiyo mwaka huu ni wa mwisho. Kwenye mchujo wa Jumapili iliyopita Ulyana alikuwa wa kwanza, Ksenia wa pili, Stesha wa tatu. Walipishana kwa alama chache sana.

KUMB. NA. 2/2/2018: MALALAMIKO YA MAMA STESHA
Zoya alieleza kwamba mruko wa mizunguko miwili na nusu wa Stesha ulikatwa alama kwa madai kuwa haukukamilika, ilhali wa Ulyana ulihesabiwa mzima. Alisema jaji ni mama wa ubatizo wa Ulyana na mji mzima unajua. Aliongeza kwamba kocha humshika Ulyana mkono hadi getini, na Stesha hupigiwa kelele kutoka kwenye benchi. Tena vazi la Ulyana limeshonwa Moscow.

Marina alijibu kwamba vazi halirushi mtu.

Zoya alisema, “Halirushi, mama Ulyana, ila linamfumba jaji macho.”

Mwenyekiti aliwaomba warudi kwenye mruko. Marina alisema Zoya hajalala tangu Ulyana apate viatu vipya mwezi wa Oktoba. Zoya alisema analala vizuri. Mwenyekiti aliomba tena.

Lidia Genrikhovna alieleza kwamba ana miaka kumi na tisa kwenye meza ya majaji na hajawahi kuulizwa swali kama hilo. Picha za video hazikuwepo, kwa kuwa simu ya kocha ilizimika kwa baridi.

KUMB. NA. 3/2/2018: ALAMA ZILIZOBAKI KWENYE BARAFU
Kocha alikumbusha kwamba wasichana wake wote hurukia kona iliyo chini ya saa ya ukutani, na kwamba barafu ya kona hiyo ni laini, hivyo Katibu huingia na ndoo kuziba mashimo kila msichana anapomaliza. Akapendekeza Katibu aulizwe alichokiona.

Zoya alimuuliza Katibu tangu lini mpiga koleo akawa jaji. Katibu alijibu kwamba yeye si jaji, anaziba mashimo.

Katibu alieleza hivi. Mruko ukikamilika, kisu cha kiatu kinashuka na kuacha mstari mmoja uliopinda. Usipokamilika, mguu unamalizia kuzunguka chini, na kwenye barafu inabaki ndoano. Stesha aliacha ndoano. Ulyana aliacha ndoano, kubwa kidogo. Ksenia aliacha mstari safi.

Kocha alipiga hesabu kwenye karatasi. Ulyana akikatwa kama Stesha alivyokatwa, wa kwanza ni Ksenia.

Kisha Zoya alisema ameondoa malalamiko yake, matokeo yabaki yalivyo. Marina alimuunga mkono, akasema jaji ameshaamua na klabu iheshimu majaji wake.

Mwenyekiti alimuuliza Lidia Genrikhovna kama aliona ndoano hizo.

Alijibu, “Ya Stesha niliiona kwa sababu nilikuwa naitafuta. Ya Ulyana sikuitafuta.”

Marina alimwambia, “Kuanzia leo usimwite tena Ulyana mwanao.”

Lidia Genrikhovna aliomba maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, na yameandikwa. Marina naye aliomba ya kwake yafutwe. Mwenyekiti alikataa.

KUMB. NA. 4/2/2018: KURA
Hoja: mruko wa Ulyana ukatwe alama, na jina la Ksenia Drozd lipelekwe mkoani. Waliokubali: Mwenyekiti na Lidia Genrikhovna. Waliopinga: Marina na Zoya. Kocha aliulizwa mara mbili ndipo akanyoosha mkono kukubali huku akitazama sakafu. Hoja ilipita, kura tatu kwa mbili. Lidia Genrikhovna hatahukumu tena mashindano anayoshiriki Ulyana, na alilipendekeza hilo mwenyewe. Katibu atapita kiwandani kumpa habari mama Ksenia zamu zitakapobadilishana.

KUMB. NA. 5/2/2018: KUFUNGA
Kikao kilimalizika saa kumi na moja na nusu jioni. Mlangoni Zoya alimwambia Marina kwamba viatu vya Ksenia ni mtumba, na Marina akasema hata yeye ameviona, tena kimoja kimetiwa gundi. Waliondoka kwa teksi moja. Wawili hao walikuwa hawajasalimiana tangu Mwaka Mpya.

Mwenyekiti: R. A. Zubkova (saini)
Katibu: Kh. Mirzoev (saini)